Siku Weiss alimuacha mutoto wake pembeni

Mu-Slovakia Vladimír Weiss alizaliwa na mucheza mupira, akakuwa mucheza mupira, kisha akazaa mucheza mupira. Mwaka 2010, hapa Afrika, kazi yake ya antreneri ilimuweka mbele ya swali ambalo wazazi wengi wa miji ya migodi wanalijua: mutoto wangu ao kazi yangu?

Johannesburg, tarehe 24 Juni 2010, stadi ya Ellis Park. Upande mumoja kuko Italia, wenye Kombe la Dunia tangu 2006. Upande wa pili kuko Slovakia, inchi ya watu karibu milioni 5 na nusu, inchi ambayo haijacheza Kombe la Dunia kwa jina lake hata mara moja mbele ya mwaka huu. Hii ni mechi ya mwisho ya kundi. Slovakia ikipigwa, inarudia nyumbani. Ikitoka sare, inarudia nyumbani vilevile. Inabaki njia moja tu: kushinda wenye Kombe.

Antreneri Vladimír Weiss anatoa majina yake 11. Katika mechi mbili za kwanza, moja ya majina yale lilikuwa sawa na jina lake mwenyewe: Vladimír Weiss, kijana wa miaka 20, mucheza wa pembeni, mutoto wake wa kuzaa. Mara hii jina lile halimo. Katika wale 11 anaingiza Miroslav Stoch, kijana mwingine wa pembeni, wa umri ule ule. Mutoto wa antreneri anakaa pamoja na ba remplaçant.

Hapa kwetu hakuna mutu asiyeelewa uzito wa jambo lile. Baba akiwa mukubwa wa kazi, na mutoto akiwa mule mule ndani ya kazi, baba atafanya nini? Akimuweka mbele, watu watasema: "Njo vile, ni mutoto wa mukubwa." Akimuacha, mangaribi nyumbani chakula kitaliwa kimya. Weiss aliishi na swali lile miaka mingi, na mpaka leo anaishi nalo. Tuone mutu huyu ni nani, na alifika namna gani kwenye ile siku ya Johannesburg.

JINA MOJA, WATU WATATU

Katika jamaa ya Weiss, jina Vladimír linatoka kwa babu, linaenda kwa baba, linafika kwa mujukuu. Wote watatu walivaa maillot ya inchi yao.

Wa kwanza, babu, alizaliwa mwaka 1939. Alikuwa mulinzi. Mwaka 1964 alienda na Chekoslovakia kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na ekipe ilifika mpaka finali. Tarehe 23 Oktoba walikutana na Hungaria. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu, Weiss muzee akajifunga mwenyewe: mupira uligusa kwake, ukaingia ndani ya goli la ekipe yake. Hungaria ilishinda 2–1. Akarudi nyumbani na medali ya feza na ile goli katika kichwa. Medali ya Olimpiki si kitu kidogo, lakini mucheza mupira yeyote atakuambia kile mutu anakumbuka usiku.

Nyumbani, Bratislava, kulikuwa mutoto wa kiume. Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1964, mwezi mumoja tu mbele ya finali ile. Yule njo antreneri wetu.

Alikomalia katika mupira. Alianza na Inter ya Bratislava, ekipe iliyosimama nyuma ya kampuni ya petroli Slovnaft. Wasomaji wetu wanajua namna ile ya ekipe: kampuni inalipa, kampuni inajenga stadi, na siku ya yenga wafanyakazi wanakuja kuangalia. Kijana hakuwa mulinzi kama baba. Alikuwa mutu wa katikati, wa kukimbia, wa kusukuma wenzake.

Tarehe 30 Novemba 1989 akapata mutoto wa kiume, naye akamupa jina lile lile. Zilikuwa siku ambazo watu wa Chekoslovakia walikuwa wamejaa barabarani kuangusha utawala wa chama kimoja. Miezi saba kisha, baba yule alikuwa Italia na ekipe ya taifa kwa Kombe la Dunia la 1990. Antreneri wa ekipe ile alikuwa Jozef Vengloš, mu-Slovakia naye, mucheza wa zamani wa Slovan Bratislava. Katika kundi, Italia iliwapiga 2–0 kule Roma, na goli ya Roberto Baggio ya siku ile watu wangali wanaionyesha mpaka leo. Hata hivyo Chekoslovakia ilifika robo finali, Ujerumani ya Magaribi ikaitoa 1–0 kwa penalti.

Tuweke kando ile mechi ya Roma. Itarudi.

Tarehe 1 Januari 1993 Chekoslovakia iligawanyika bila vita, zikawa inchi mbili. Weiss alikuwa na miaka 28. Alicheza ekipe ya taifa ya inchi ya zamani, akacheza tena ekipe ya taifa ya inchi mupya. Ile inchi mupya haikuwa na jina katika mupira. Watu wa Bulaya walikuwa wanaichanganya na Slovenia.

EKIPE YA NG'AMBO YA MUTO

Bratislava imekatwa na muto mukubwa, Danube. Ng'ambo kuko Petržalka, komini ya manyumba marefu ya sima, ghorofa juu ya ghorofa, iliyojengwa wakati wa Wakomunisti kwa kulalisha wafanyakazi. Ekipe ya pale ilibeba jina la kampuni iliyoilipa, Artmedia. Njo pale Weiss alijifunza kazi ya antreneri.

Katika muji, ekipe kubwa ilikuwa Slovan. Artmedia ilikuwa wale wadogo wa ng'ambo. Lakini 2004 Weiss akabeba kombe la Slovakia, na 2005 akabeba ubingwa. Ubingwa ule ulimufungulia mulango wa Ligi ya Mabingwa ya Bulaya, kupitia mechi za kuchuja.

Mechi ya kwanza kabisa ilikuwa kule Kazakhstan, na Kairat ya Almaty. Wakapigwa 2–0. Ingeweza kwisha pale pale. Kwa marudio walishinda 4–1 kisha dakika za kuongeza, wakapita kwa tundu la sindano.

Kisha ikakuja Celtic ya Glasgow, ekipe iliyobeba Kombe la Bulaya mwaka 1967. Tarehe 27 Julai 2005, Artmedia ikaipiga 5–0. Ndiyo, tano. Juraj Halenár peke yake aliingiza 3. Juma moja kisha, kule Glasgow, Celtic ikashinda 4–0, na wale watu wa Petržalka wakapita kwa goli moja tu, miguu ikitetemeka. Kisha Partizan ya Belgrade: 0–0, tena 0–0, wakapita kwa penalti.

Katika kundi kulikuwa Inter ya Milan, Porto na Rangers. Tarehe 28 Septemba walikuwa kwa Porto, ekipe iliyobeba Ligi ya Mabingwa mwaka mumoja tu nyuma, 2004. Porto ikaongoza 2–0. Mwisho wa mechi: Porto 2, Artmedia 3. Walimaliza kundi wa tatu na pointi 6, mbele ya Porto, na Rangers nao hawakuwapiga hata mara moja: sare mbili.

Angalia namna walishinda. Mara mbili walianza kwa kuanguka, kisha wakasimama. Weiss hakuwa na wacheza wa bei. Alikuwa na watu waliokubali kukimbia kwa ajili yake, na yeye mwenyewe alikuwa pale pembeni akilalamika, akipiga mikono, akibishana na ba arbitre na hata na waandishi wa habari. Anajulikana kwa kuwa na moto. Kuna wanaompenda juu ya moto ule, na kuna wanaomukimbia juu ya moto ule ule.

Alienda kidogo Urusi, akafunza Saturn, akarudia Artmedia na 2008 akabeba ubingwa na kombe pamoja. Kisha inchi ikamuita: chukua ekipe ya taifa.

Na ekipe ya Petržalka? Jina la kampuni liliondoka 2009. Mwaka uliofuata, 2010, ekipe ikashuka divizioni. Mwaka ule ule ambao antreneri wake wa zamani alikuwa kwenye Kombe la Dunia, kule ng'ambo ya muto watu walikuwa wanaona ekipe yao ikizama. Kwa watu wa Katanga, hadisi ile haiitaji maelezo: kampuni ikikohoa, ekipe inalala kitandani.

TELUJI YA CHORZÓW

Kwa kufika Afrika Kusini, Slovakia iliwekwa katika kundi moja na Chekia, Poland, Slovenia, Ireland ya Kaskazini na San Marino. Hakuna aliyewapa nafasi. Chekia ilikuwa ndugu mukubwa, yule aliyebaki na jina kisha kugawanya nyumba. Tarehe 1 Aprili 2009 Slovakia ilienda Prague ikashinda 2–1.

Katika Agosti ya mwaka ule, Weiss akamuita mutoto wake kwenye ekipe ya taifa. Kijana alikuwa na miaka 19. Alikuwa amekomaa kule Uingereza, kwa Manchester City, na alikuwa na mbio na ujanja wa kupita mutu. Hakuwa mutoto aliyeokotwa barabarani juu ya jina. Lakini jina lilikuwa lile lile la antreneri, na kila mara alipopoteza mupira, mutu wa tribune alikuwa na jibu tayari.

Oktoba, Slovakia ilihitaji kumaliza kazi nyumbani na Slovenia. Ikapigwa 0–2. Inchi yote ikashika kichwa. Ilibaki mechi moja, tarehe 14 Oktoba 2009, kule Poland, katika stadi ya Chorzów.

Chorzów iko katika Silesia, inchi ya makaa ya mawe. Kule watu wameshuka chini ya udongo kizazi juu ya kizazi, na ekipe za mupira zilizaliwa karibu na visima vya migodi. Usiku ule teluji ilianguka mingi mpaka uwanja ukawa mweupe. Katika dakika ya 3, mulinzi wa Poland alitaka kuondoa mupira, akaupiga ndani ya goli yake mwenyewe. Slovakia ikashika goli ile moja mpaka mwisho, dakika karibu 90, katika baridi na maji. 1–0. Wakaenda Kombe la Dunia.

Miaka 45 mbele, babu alijifunga mwenyewe katika finali ya Olimpiki. Sasa goli ya kujifunga ya mutu mwingine ilifungulia mutoto wake na mujukuu wake mulango wa dunia. Mupira hauna deni na mutu, lakini kuko siku unalipa.

RUSTENBURG, BLOEMFONTEIN, JOHANNESBURG

Mechi ya kwanza, tarehe 15 Juni 2010, ilichezwa Rustenburg. Stadi ile ni ya jamaa ya Bafokeng, watu ambao udongo wao umebeba platini, na ambao wanapata sehemu ya mali inayotoka mule. Njo maana stadi inaitwa Royal Bafokeng. Mutu wa Kolwezi ao Likasi akisikia vile, lazima anyamaze kidogo, awaze.

Slovakia ilicheza na New Zealand. Weiss mutoto alianza. Róbert Vittek aliingiza goli, na kazi ilionekana imekwisha. Katika dakika za kuongeza, Winston Reid akasawazisha kwa kichwa. 1–1. Ushindi wa kwanza ulipotea mulangoni.

Mechi ya pili, tarehe 20 Juni, Bloemfontein. Mutoto akaanza tena. Paraguay ilishinda 2–0, na Slovakia haikuonyesha kitu. Nyumbani maneno yakawa makali. Antreneri hajui, wacheza hawataki, na mutoto wa antreneri anafanya nini mule? Mechi mbili, pointi moja.

Sasa turudie Johannesburg. Muji ule haukuzaliwa na muto wala bahari. Ulizaliwa mwaka 1886 juu ya zahabu, na watu wa inchi nyingi za Kusini mwa Afrika waliacha mapafu yao chini yake. Pale njo Weiss alibadilisha ekipe. Stoch ndani. Juraj Kucka ndani, kijana mwenye nguvu wa katikati. Erik Jendrišek arudi mbele. Na mutoto wake pembeni.

Kitambaa cha kapiteni kilikuwa kwa Marek Hamšík, miaka 22. Hamšík ni wa Banská Bystrica, na neno "banská" katika luga yao linamaanisha "ya mugodi". Katika miaka ya 1500 shaba ya milima ile ilikuwa inauzwa Bulaya yote na jamaa mbili za matajiri, Fugger na Thurzo. Shaba iliisha, muji ulibaki. Hamšík alikuwa anacheza Italia, kwa Napoli, kwa hiyo wale waliosimama mbele yake siku ile alikuwa anawajua kila juma.

Dakika ya 25, Daniele De Rossi alipoteza mupira. Kucka akaukamata, akampa Vittek, goli. 1–0. Italia ikashituka lakini haikuamka. Dakika ya 73, Hamšík akatoa pasi, Vittek akatangulia mulinzi, 2–0.

Pale njo Italia ilikumbuka kwamba iko Italia. Dakika ya 81 Antonio Di Natale akaingiza moja. Goli nyingine ya Italia ilikataliwa kwa hors-jeu ndogo sana, na mupira mwingine Martin Škrtel aliutoa kwa goti karibu na musitari. Watu wa Slovakia walikuwa wanaona ile ya Rustenburg inarudia.

Dakika ya 87 Weiss anabadilisha mutu. Anaita Kamil Kopúnek, mutu wa katikati ambaye hakuna aliyekuwa anamuzungumuzia. Dakika mbili kisha, mupira wa kurusha kwa mikono unatoka pembeni, Kopúnek anakimbia nyuma ya walinzi, anauinua juu ya gadieni. 3–1. Ilikuwa mupira wake wa kwanza kugusa.

Fabio Quagliarella akarudisha moja nzuri sana katika dakika za kuongeza, 3–2, na Italia ikapata nafasi moja tena, ikaikosa. Arbitre akapiga firimbi. Wenye Kombe la Dunia walimaliza kundi wa mwisho, na pointi 2. Miaka 20 nyuma yake, kule Roma, Italia ilikuwa imepiga ekipe ambamo Weiss alikuwa. Hapa Johannesburg deni lile lilikwisha.

Nani aliingia katika mechi ile kwa kubadilisha? Kopúnek, Stanislav Šesták na Martin Petráš. Mutoto wa antreneri hakucheza hata dakika moja ya ushindi mukubwa kuliko yote katika hadisi ya inchi yake. Baba yake njo alikuwa na kalamu.

Wasomaji wa Lubumbashi wanakumbuka mwaka ule wa 2010 kwa sababu nyingine pia. Katika Desemba, TP Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2–0 kule Abu Dhabi, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika finali ya Kombe la Dunia la ma club, mbele ya kupigwa 3–0 na Inter ya Milan. Ulikuwa mwaka ambapo wadogo walifundisha wakubwa adabu, hata kama wakubwa walirudi mwishoni kuchukua kikombe.

BABA NA MUTOTO KAZINI

Kile kilifuata kinafaa kuangaliwa sawa na ile siku ya Ellis Park. Tarehe 28 Juni, kule Durban, Slovakia ilicheza raundi ya 16 na Uholanzi. Weiss akaandika tena majina 11, na mutoto wake akarudi ndani. Uholanzi ilishinda 2–1, magoli ya Arjen Robben na Wesley Sneijder. Vittek akapiga penalti katika dakika ya mwisho, goli yake ya 4 katika Kombe lile.

Kwa hiyo baba hakumutupa mutoto. Hakumutoa kama sadaka ili watu wamusifu. Alimuweka alipoona anafaa, alimutoa alipoona mwingine anafaa zaidi, akamurudisha. Ni jambo la kawaida kabisa kwa mucheza mwingine yeyote. Ugumu ni kulifanya kwa mutu ambaye utakula naye Noeli.

Katika kambi za Union Minière, na kisha za Gécamines, watoto wa wafanyakazi walisoma masomo ya kampuni, walitunzwa katika hospitali ya kampuni, walicheza mupira kwenye uwanja wa kampuni, na wengi walifuata baba zao kazini. Haikuwa haya. Ilikuwa heshima: baba fundi wa moto, mutoto fundi wa umeme. Njia ile ilikatika pole pole na kazi ilipokwisha. Nyuma ya "départs volontaires" ya 2003, baba wengi walirudi nyumbani mbele ya watoto hawajapata hata nafasi ya kuwafuata. Leo nafasi ni chache, kampuni ni za watu wengine, na kila jina linaloitwa mulangoni linaangaliwa: ni mutoto wa nani? Hata kati ya ba creuseur, katika timu ya kisima kimoja, watu wanajua nani anashuka na nani anabaki juu kwa sababu ni ndugu wa mwenye kisima.

Mutoto wa mukubwa naye anaumia. Tunasahau ile. Akifanya vizuri, ni jina. Akifanya vibaya, ni jina. Weiss kijana alikuta mzigo ule katika maillot yake kila siku. Njia moja tu inaupunguza: watu waone kwa macho kwamba yule aliye na kalamu anaweza kumutoa. Kisha 24 Juni, hakuna aliyeweza kusema kwamba mulango wa kutoka haukuwa kwa mutoto wa antreneri. Siku nne kisha, alipoingia tena katika wale 11, aliingia akiwa mucheza kama wengine.

NYUMA YA AFRIKA

Utukufu haukai. Septemba 2010 Slovakia ilienda Moscow, ikapiga Urusi 1–0, na goli ilikuwa ya Stoch. Mwaka mumoja kisha, nyumbani, Armenia ikawapiga 4–0. Euro 2012 ikapotea, na mwanzo wa mwaka ule Weiss akaacha ekipe ya taifa.

Wapi alienda? Almaty, Kazakhstan, kwa Kairat. Ile ile Kairat ambayo 2005 ilikuwa karibu kukatisha safari yake mbele haijaanza. Kule alibeba kombe la inchi mara mbili, 2014 na 2015.

Mwaka 2016 akachukua ekipe ya taifa ya Georgia, inchi ndogo kati ya milima na Bahari Nyeusi. Katika Nations League ya 2018 Georgia ilishinda mechi 5 na sare 1, ikamaliza wa kwanza katika kundi lake. Hiyo iliipa nafasi ya kutafuta Euro. Oktoba 2020 ikapiga Belarus 1–0. Ilibaki mechi moja, tarehe 12 Novemba, nyumbani Tbilisi, na Makedonia ya Kaskazini. Muzee Goran Pandev aliingiza goli moja, na Georgia ikabaki nyumbani. Ilikuwa mechi moja tu kufika. Weiss akaondoka.

Mwaka 2021 akarudi Bratislava, lakini si ng'ambo ya muto. Mara hii alienda kwa Slovan, wale wakubwa wa muji ambao zamani Artmedia yake iliwasumbua. Na ndani ya Slovan alimukuta nani? Mutoto wake, aliyekuwa amefika mwaka mumoja mbele yake, kisha kucheza Uingereza, Scotland, Uspania, Italia, Ugiriki na inchi za Waarabu. Wakaanza tena: baba antreneri, mutoto mucheza, watu wakiangalia. Babu hakuwa tena pale kwa kuangalia. Alikufa 2018.

Slovan ikabeba ubingwa 2022, 2023, 2024 na 2025. Katika 2024 ilivuka mechi za kuchuja na kuingia Ligi ya Mabingwa. Kwa Weiss ilikuwa kurudia pale alipofika na Artmedia miaka 19 nyuma. Lakini mara hii ilikuwa uchungu: mechi 8, zote 8 kupigwa. Celtic, ile ya 5–0, ilimurudishia 5–1. Manchester City ikapiga 4–0. Na AC Milan walikaribia, 2–3, bila pointi hata moja.

Mutu mwingine angeomba ruhusa kwenda kupumuzika. Weiss alimaliza msimu ule akiwa tena bingwa wa Slovakia.

Leo yuko zaidi ya miaka 60. Hakubeba Kombe la Bulaya, hakufunza Real wala Barcelona. Katika hadisi yake kuko kupigwa kwingi kuliko kushinda kukubwa, na kuko mechi moja ambayo watoto wa Slovakia wanaijua dakika kwa dakika. Mutoto wake naye ameshavuka miaka 35, umri ambao mucheza wa pembeni anaanza kuwaza kazi ya kufuata.

Kama siku moja kijana yule atachukua nafasi ya baba yake pembeni ya uwanja, watu watasema kile wanasema siku zote. Lakini atakuwa amefunzwa kazi na mutu aliyemuonyesha, mbele ya dunia yote, kwamba jina linafungua mulango mara moja tu. Kisha pale, kila asubui, ni kazi njo inajibu.